Kifungu cha 230: Nani Ataiuliza Mahakama Yetu?

Ndugu wasaidizi wa kisheria, wakunga na waganga mliofika kutoka Msimbati, Kitaya na Mikindani,

Pale Kilambo, watu wanaosubiri maji yajae wavuke mto Ruvuma wana ndugu zao Palma, Msumbiji. Wanaozana na kuzikana. Lakini mwenye mimba ya wiki kumi akishuka ng'ambo yuko chini ya sheria nyingine. Tangu Msumbiji ilipobadili sheria yake ya jinai mwaka 2014, mimba isiyozidi wiki 12 inaweza kutolewa hospitalini kwa ridhaa ya mwenyewe. Huku kwetu Tanzania, kifungu cha 151 cha Kanuni ya Adhabu kinamfunga mwanamke anayeitoa mimba yake hadi miaka 7. Anayemtoa, kifungu cha 150 kinamfunga hadi 14. Hata Kionga, kule ng'ambo ya Ruvuma, kama Wareno wasingeichukua kwa Mjerumani mwaka 1916, huenda leo ingekuwa chini ya vifungu hivi.

Ila kuna kifungu cha 230. Hakimtii hatiani anayefanya upasuaji kwa nia njema na kwa ujuzi ili kuokoa uhai wa mama. Uhai kwa kipimo gani? London, mwaka 1938, katika kesi ya daktari Aleck Bourne aliyemtoa mimba binti wa miaka 14 aliyebakwa, Jaji Macnaghten alisema daktari halazimiki kungoja mgonjwa awe mahututi. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliifuata njia hiyo mwaka 1959. Lakini tabibu wa zahanati hana habari na kesi hizo. Anachojua ni miaka 14, naye anaogopa. Tena kifungu cha 230 kinataja upasuaji, vidonge je?

Kenya waliiuliza mahakama yao. Binti aliyepata mimba ya kubakwa alitolewa na mtu asiye na ujuzi, figo zikaharibika, akafariki 2018. Chama cha wanasheria wanawake, FIDA, kilikuwa kimefungua kesi pamoja na mama yake. Juni 2019, majaji watano wa Mahakama Kuu waliamua kwamba kuufuta mwongozo wa madaktari kuhusu utoaji mimba salama kulivunja katiba, wakaamuru mama alipwe shilingi milioni 3 za Kenya.

Mahakama zetu nazo hazina woga. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alishinda kesi ya umri wa ndoa mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu 2019. Lakini mwaka 2020 sheria ilibadilishwa: ikawa lazima anayedai haki za katiba aape kwamba yeye binafsi ameguswa. Basi mwanamke angeapa mbele ya Jamhuri kwamba alitoa mimba, huku kifungu cha 151 kinamngoja? Hapa ndipo mlango ulipofungwa, na naona uchungu kwamba wanaojua madhara ya kifungu hicho kuliko sisi sote ndio waliofungiwa nje.

Kwanza tuhakikishe sharti hilo la 2020 halimfungii tena mwanamke mlango wa mahakama. Huko vijijini, anayevuja damu apelekwe hospitali ya Ligula usiku uleule, asihojiwe. Kumtibu mwanamke ambaye mimba yake imeshaharibika si kosa, hata kama aliitoa mwenyewe.