Breve ya mashini ya kupuliza mbolea: mwanainchi ana neno gani la kusema?



  Leo tunaongea juu ya kitu wengi wanafikiri ni cha ma-avoka na wanasayansi peke yao: hati ya uvumbuzi, ile tunaita breve. Tumechagua mfano wa shambani, mashini ya kumwaga mbolea kwa nguvu ya hewa, na tutaufuata kule Marekani, mahali mashini za namna hii zinaombewa breve. Tumeuchagua juu unaeleweka mbio, na juu unaleta swali lenye kutuhusu sisi wote: nani anaamua kama ujuzi fulani ni wa mtu mmoja ao ni wa watu wote?

1. Mashini yenyewe

Mwenye shamba kubwa ana mbolea ya punje, na anataka kila mstari wa shamba upate kipimo kile kile. Mashini ya kawaida iko na sahani inayozunguka kwa mbio na kurusha punje. Bei yake si kali, lakini punje nzito zinaenda mbali na nyepesi zinaanguka karibu. Upepo ukivuma, hesabu yote inaharibika. Huku mmea unaungua kwa mbolea nyingi, pale pembeni mwingine unabaki na njaa.

Mashini ya hewa inafanya kazi kwa njia ingine. Juu kuna sanduku la mbolea. Chini ya sanduku kuna vigurudumu vyenye meno, vinavyopima punje kidogo kidogo. Punje zinaanguka ndani ya tiyo, na ventilateri kubwa inayopata nguvu ya trakta inazisukuma kwa hewa. Tiyo zimelala juu ya mikono mirefu ya chuma, moja inaishia karibu, ingine mbali. Mwisho wa kila tiyo kuna kibao cha chuma: punje zinakigonga, zinatawanyika na kuanguka. Kila sehemu ya shamba inapata fungu lake.

Sasa sikieni vizuri. Sanduku ni la zamani. Ventilateri ni ya zamani. Kusafirisha nafaka kwa hewa ndani ya tiyo, viwanda vimefanya hiyo kazi tangu miaka mingi. Mtu akifika mbele ya biro ya breve ya Marekani na kusema, "Nimevumbua mashini ya hewa ya kumwaga vitu vikavu," swali la kwanza ni hili: amevumbua nini hasa?

2. Mtihani unafanywa namna gani

Dosie ya breve iko na kichwa, picha, maelezo, na mwishoni madai. Wengi wanasoma kichwa na picha, kisha wanaanza kulalamika: "Huyu ametuibia!" Kichwa hakimpi mtu haki yoyote. Madai njo lupango. Yanaonyesha mpaka wa shamba ambalo mwombaji anataka wengine wasiingie.

Tuseme dai la kwanza linasema hivi: mashini yenye sanduku, chombo cha kupima, ventilateri, tiyo nyingi, na kibao ku mwisho wa kila tiyo. Ukipata karatasi moja ya zamani yenye vitu vyote vitano, vimepangwa vile vile, dai halina upya. Limekufa. Lakini mwombaji akiongeza kwamba kibao kimekunjwa kwa namna fulani ili punje laini zisigande, lupango linakuwa dogo na kazi yako inakuwa ngumu zaidi. Kila neno linaloongezwa linapunguza shamba analodai.

Mkaguzi wa biro anauliza maswali matatu makubwa. Kitu hiki ni kipya kweli? Kama ni kipya, je, fundi wa kawaida wa kazi hiyo angekifikia bila shida, kwa kuunganisha vitu alivyokwisha kujua? Na mwombaji amekieleza vizuri, ili mwingine aweze kukitengeneza?

Hilo swali la tatu linaonyesha mapatano yenyewe. Watu wote wanakubali kumwachia mvumbuzi haki yake kwa muda, kwa kawaida miaka 20 tangu siku ya kuomba, na yeye anawafundisha siri yake waziwazi. Muda ukiisha, ni mali ya wote. Kama hakuna kitu kipya alichofundisha, basi watu wamelipa bure.

3. Inchi iliyojaribu kuacha mtihani

Marekani ilianza na ukaguzi mwaka 1790. Breve ya kwanza, ya tarehe 31 Julai 1790, ilihusu utengenezaji wa potasi, na rais George Washington aliitia sahihi. Lakini sheria ya 1793 iliondoa ukaguzi. Ukaleta karatasi zako, ukalipa, ukapewa breve. Kazi ya kujua kama breve ni ya kweli iliachiwa tribinali.

Matokeo yalikuwa mabaya. Watu walichukua uvumbuzi wa wengine, wakabadilisha kidogo, wakaomba breve yao. Kisha wakazunguka na karatasi yenye muhuri wa serkali na kudai malipo ku watu wanyonge, mafundi na wakulima ambao hawakuwa na feza za kwenda tribinali. Mwaka 1836 bunge la Marekani lilirudisha ukaguzi, kwa bidii ya seneta John Ruggles wa Maine. Tangu hapo mtu wa biro analazimika kutazama kwanza.

Sisi tunaojua uzito wa muhuri hatuhitaji kufundishwa sana hapa. Karatasi yenye muhuri inaogopesha hata kama ndani yake hamna kitu. Kwa mwenye uwezo, kuivunja ni mambo ya gharama. Kwa mnyonge, ni kulipa ao kuacha kazi.

4. Jembe la Graham

Hata na ukaguzi, mkaguzi ni mtu mmoja, ana masaa machache kwa kila dosie, na hawezi kuona kila kitu kilichopo duniani. Kesi moja ya vyombo vya shamba inaonyesha vizuri.

Mwaka 1953, William Graham alipewa breve nambari 2,627,798. Ilihusu kifaa cha kushikilia miguu ya jembe la trakta, ili jembe likigonga jiwe lisivunjike. Alikwisha pata breve ingine ya kifaa karibu sawa mwaka 1950. Katika hii mpya alibadilisha zaidi mpangilio: mguu wa jembe uliokuwa juu ya bamba la chuma ukawekwa chini yake. Tribinali mbili za rufaa zikatofautiana. Moja ilisema breve ni nzuri, ingine ikasema haina nguvu. Kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu, ikaitwa Graham na John Deere, na tarehe 21 Februari 1966 majaji walisema breve haina nguvu, juu fundi wa kazi hiyo angeona mabadiliko hayo yeye mwenyewe.

Angalieni kitu kimoja ndani ya hiyo hukumu. Biro ilikuwa imetaja breve 5 za zamani. Mbele ya tribinali, upande wa pili ulileta 4 kati ya hizo, breve zingine 10, na vifaa 2 vilivyokuwa vimekwisha kutumika kazini, ambavyo havikuwa ndani ya dosie ya biro. Ujuzi ulikuwepo. Vifaa vilikuwa shambani, vinafanya kazi. Lakini havikufika juu ya meza ya mkaguzi kwa wakati, na ilichukua miaka 13 kusahihisha.

5. Mlango wa mwanainchi

Je, mtu wa inje anaweza kufikisha ushahidi mbele ya breve kutolewa? Leo, ndiyo. Tarehe 16 Septemba 2011 rais Barack Obama alitia sahihi sheria mpya ya breve, na tangu 16 Septemba 2012 mtu yeyote anaweza kupeleka karatasi ku biro wakati dosie iko bado mezani. Mbele ya hapo mlango ulikuwa mwembamba: miezi 2 tu baada ya dosie kutangazwa, na bila ruhusa ya kueleza kwa nini karatasi yako ina maana. Sasa maelezo mafupi yanatakiwa kabisa.

Masharti yako wazi, na tuyashike vizuri.

Kwanza, tarehe. Karatasi yako iwe ya mbele ya siku ambayo mwombaji aliweka ombi lake. Kitu kilichotangazwa nyuma ya hapo kwa kawaida hakisaidii, hata kifanane namna gani.

Pili, maandishi. Biro inapokea breve za zamani, vitabu, majarida, katalogi za mashini, vitu vilivyoandikwa na kutangazwa. "Baba yetu alikuwa nayo" haitoshi. Karatasi ya Kifaransa ao ya Kiswahili inaweza kuingia, paka iwe na tafsiri ya Kiingereza.

Tatu, dai kwa dai. Unaonyesha: ventilateri ya dai la kwanza iko ukurasa huu, kibao kiko picha ile. Hapana kutukana mwombaji, hapana hotuba. Mkaguzi anataka ukurasa.

Ine, muda. Dosie nyingi zinatangazwa miezi 18 baada ya kuombwa. Kutoka siku ya kutangazwa unakuwa na miezi 6, ao mpaka mkaguzi akatae dai kwa mara ya kwanza, ule wakati utakaochelewa zaidi. Lakini mkaguzi akikwisha kutoa taarifa ya kukubali, mlango umefungwa.

Tano, feza. Ukipeleka karatasi 3 ao chini yake, na ni mara yako ya kwanza ku dosie hiyo, hulipi kitu.

Kisha mkaguzi njo anaamua. Wewe hupigi kura, na hauitwi kujadiliana naye. Unaweka ushahidi juu ya meza na unaenda. Lakini ushahidi uliowekwa unabaki ndani ya dosie, na kila mtu anaweza kuusoma.

6. Kwa nini kuandika

Mwaka 1995 Marekani ilitoa breve juu ya kutumia manjano kuponya vidonda. Manjano, wandugu! Kiungo ambacho mama wa India wanapaka mtoto akiumia, tangu zamani za babu zao. Shirika la utafiti la India, CSIR, liliomba breve ichunguzwe upya mwaka 1996. Halikushinda kwa kusema "kila mtu anajua". Lilileta maandishi, kati yao maandishi ya zamani ya Kisanskriti na makala ya jarida la waganga wa India ya mwaka 1953. Mwaka 1997 madai yakaanguka.

Hapa tujiulize kwa ukweli. Fundi wetu anayetengeneza mashini ya kusaga mihogo kwa vyuma vya gari bovu, nani ameandika mashini yake? Nani ameweka picha, tarehe, vipimo? Ujuzi usioandikwa unaweza kupita mbele ya mkaguzi mwenye nia nzuri kabisa, naye asiuone.

7. Sisi hapa Kongo

Breve ina mpaka kama inchi ina mpaka. Breve ya Marekani haina nguvu hapa kwetu. Kongo iko na sheria yake, nambari 82-001 ya tarehe 7 Januari 1982, na haiko memba wa OAPI ya Yaoundé wala ARIPO ya Harare. Maana yake: kama mwenye mashini ya hewa hakupata ulinzi hapa, fundi wa Bukavu ao wa Lubumbashi ana haki ya kusoma dosie yake, kuitengeneza na kuiuza hapa ndani. Hawezi kuipeleka kuiuza Marekani. Na mbele ya kuanza, aulize ku Wizara ya Viwanda kama kuna mtu amekwisha kuandikisha hapa. Breve iliyomaliza muda wake ni ya wote ku inchi ile iliyoitoa. Mamilioni ya dosie hizi ziko wazi ku intaneti, bure, na picha zake zote.

Basi tunawaomba mambo matatu. Wenye kusoma Kiingereza na Kifaransa, tafuteni dosie moja ya chombo cha shamba, muisome mpaka ku madai, muwaeleze mafundi wa mtaa wenu. Wenye simu nzuri, pigeni picha za vyombo ambavyo mafundi wetu wanatengeneza, andikeni jina la chombo, vipimo, na tarehe, na mvitangaze mahali watu wote wataona. Lakini muulize fundi kwanza: kama anataka kuomba breve yake mwenyewe, mumuache aombe mbele ya kutangaza, juu kitu kilichotangazwa mapema kinaweza kumpotezea haki. Na sisi wote tukiona breve yenye kunukia wizi, tuanze kwa kusoma dai la kwanza, kisha tutafute karatasi ya zamani.

Tumezoea kudai kwa sauti, na sauti iko na kazi yake. Hapa mlango unafunguliwa kwa ukurasa wenye tarehe. Tujifunze kuuleta.