Familia Inapohamia Kijijini



Familia inapohamia kijiji kipya hutualika tubariki nyumba, nasi huenda kwa furaha. Lakini tuulize kwanza habari za kiwanja. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, hapa Tanzania, halmashauri ya kijiji haina ruhusa ya kugawa ardhi pasipo idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Neno la mwenyekiti peke yake, hata likisindikizwa na jogoo, halitoshi.

Tena tuitazame hati ya hakimiliki ya kimila: je, jina la mama limo? Sheria hiyo hiyo hubatilisha mila imnyimayo mwanamke haki ya kumiliki ardhi. Hata hivyo tumezika waume, na kabla ya arobaini tumeshuhudia wajane wakifungashwa virago.