Deni Si Ruhusa ya Kukudhalilisha

Leo tuzungumze na wewe uliyekopa kwa simu, siku ya kulipa ikakupita.

Saa kumi na mbili asubuhi simu inalia. Ni shemeji yako: "Kuna mtu amenipigia, anasema wewe ni mwizi." Baadaye anapiga mwajiri wako, kisha mwenyekiti wa chama. Aibu hiyo imewafanya wengi wazime simu zao, na inauma.

Sasa sikiliza vizuri. Tangu Machi 2022, kanuni za Benki Kuu ya Kenya zinamkataza mkopeshaji wa kidijitali kukutisha, kukutukana, kukuanika mtandaoni, au kupekua orodha ya namba zako ili awapigie jamaa na marafiki. Shemeji yako hakukopa, hana cha kujibu.

Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na ina meno. Mwaka 2023, Kamishna wa Data aliitoza kampuni moja ya mikopo faini ya karibu shilingi milioni 3 kwa kutumia namba za watu kuwasumbua.

Deni linabaki kuwa lako, nawe ulilipe. Ila matusi usiyafute kwa hasira. Piga picha ya kila ujumbe, andika namba, tarehe na saa, na umwombe shemeji naye ahifadhi wake. Kisha peleka malalamiko Ofisi ya Kamishna wa Data. Sheria inaitaka iyamalize ndani ya siku 90. Ukitishiwa maisha, usingoje: nenda kituo cha polisi leo hii.