Nishani Mbili za Rubani Thompson

Wengi wetu vita ya Vietnam tuliijulia katika vibanda vya video. Humo shujaa alikuwa mmoja tu: kifua wazi, mkanda wa risasi begani, na kila anayeanguka mbele yake ni adui. Leo nataka kumzungumzia Mmarekani mwingine wa vita hiyo hiyo, ambaye siku ya ushujaa wake alitoa amri askari wenzake wapigwe risasi ikibidi.

Hugh Thompson alikuwa rubani wa helikopta ndogo ya upelelezi, kijana wa miaka 24. Asubuhi ya tarehe 16 Machi, 1968, aliruka juu ya kijiji cha My Lai akiwa na askari wake wawili, Glenn Andreotta na Lawrence Colburn. Kazi yao ilikuwa kuruka chini chini ili adui awafyatulie risasi na hivyo ajulikane alipo. Hakuna aliyefyatua. Walichokiona ni maiti za wazee, akina mama na watoto, na mtaro uliojaa watu, wengine wakiwa bado wanapumua. Waliokuwa wakiwaua ni askari wa Marekani.

Thompson alitua, akauliza, akajibiwa ashike lake. Akaruka tena. Mara akaona wanakijiji wakikimbilia handaki, na askari wakiwafuata. Hapo ndugu yetu akaitua helikopta katikati, baina ya askari na wanakijiji. Alimwambia Colburn kwamba Wamarekani wakiwapiga watu hao, naye awapige Wamarekani. Kisha akaenda mwenyewe hadi handakini, akawatoa watu karibu 10, na kuziita helikopta kubwa zaidi ziwachukue. Walipopita tena juu ya mtaro, Andreotta aliingia miongoni mwa maiti akamtoa mtoto aliye hai, wakampeleka hospitali ya Quang Ngai.

Aliporudi kambini hakunyamaza. Aliwaeleza wakubwa wake kwa hasira, na amri ikatolewa mauaji yakome. Wavietnam huwahesabu waliouawa kuwa 504. Jeshi la Marekani lilihesabu 347. Lakini taarifa ya kwanza ya jeshi ilisema wameuawa maadui 128, na bunduki zilizokamatwa ni tatu. Maadui 128 kwa bunduki tatu! Hata mwenye duka asiyejua vita angeishtukia hesabu hiyo.

Ndipo ikaja nishani ya kwanza. Karatasi yake ilisema Thompson amemwokoa mtoto katikati ya mapambano makali ya risasi. Mapambano gani, na nani? Thompson aliitupa.

Mwaka 1970 alipotoa ushahidi, mbunge mmoja mwenye madaraka makubwa alisema wa kuadhibiwa ni rubani huyo. Alitishiwa kuuawa, na wanyama waliokufa walitupwa mlangoni kwake. Luteni William Calley ndiye pekee aliyetiwa hatiani. Alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1971, akatumikia miaka mitatu na ushei, sehemu kubwa akiwa nyumbani kwake.

Nishani ya pili ilitolewa tarehe 6 Machi, 1998, miaka 30 baadaye. Jeshi lilitaka kuitoa kimya kimya. Thompson akakataa, akataka itolewe hadharani penye ukumbusho wa vita hiyo mjini Washington, na wenzake wawili nao wapewe. Andreotta alikuwa ameuawa vitani wiki tatu tu baada ya My Lai. Nishani hii ni ya ushujaa usiohusu kupambana na adui. Safari hii karatasi ilisema kweli.

Mwezi huo huo Thompson na Colburn walikwenda My Lai. Mama mmoja aliyenusurika akawauliza kwa nini wale waliofanya mauaji hawakuja pamoja nao. Kisha akaongeza: wangekuja, tungewasamehe. Thompson, aliyefariki mwaka 2006, alikiri kwamba yeye mwenyewe hakuwa na moyo wa kufika hapo.