BREKI KWANZA, INJINI BAADAYE

Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa wajumbe wa kamati za miradi za sharika na wageni wafadhili. Imefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida hili.



Nimeombwa nizungumze juu ya baiskeli za injini, kwa sababu sharika kadhaa zimeleta maombi kwamba wainjilisti wao wafungiwe injini ndogo kwenye baiskeli walizo nazo. Nitaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika. Lakini nitaanza na kosa, na kosa hilo ni langu.

Baiskeli ya kwanza tuliyoifunga injini tulimkabidhi mwinjilisti wa mtaa ulio mlimani. Tuliomba, tukapiga picha, nami nikaandika taarifa kwamba mradi umekamilika. Haikupita miezi mitatu. Siku moja ya mvua, akiteremka kwenda mazishini, breki hazikushika. Alitumbukia mtaroni, akavunjika mtulinga. Nilipokwenda kumwona hospitali hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Mratibu, breki zilikuwemo kwenye bajeti?" Nilirudi ofisini nikaangalia. Injini ilikuwemo, nauli ya fundi ilikuwemo, hata chai ya siku ya makabidhiano ilikuwemo. Breki hazikuwemo.

Ndugu zangu, wazo lenyewe si baya, wala si geni. Huko Japani mwaka 1946, baada ya vita, Soichiro Honda alichukua injini ndogo zilizokuwa zikiendesha jenereta za redio za jeshi, akazifunga kwenye baiskeli. Kampuni ya pikipiki inayobeba jina lake ilitokana na kazi hiyo.

Injini zinazouzwa leo kwa kazi hii ni za silinda moja, za mipigo miwili, zile ambazo mafundi huziita tustroki. Nyingi ni za ukubwa wa kati ya sisi 50 na 80. Injini hukaa katikati ya fremu, juu ya pedeli. Cheni ya pili hupita upande wa kushoto hadi kwenye sproketi ya gurudumu la nyuma. Mpanda baiskeli hubana klachi, huchochea pedeli mpaka baiskeli ipate mwendo, kisha huachia klachi na injini huwaka. Fundi mwangalifu anaweza kuifunga kwa siku moja au mbili.

Tatizo ni kwamba baiskeli haikutengenezwa kwa mwendo huo. Mtu akienda kilomita 30 kwa saa badala ya 15, umbali anaohitaji ili breki zimsimamishe hauongezeki mara mbili tu. Unaongezeka mara nne. Breki za vyuma za baiskeli zetu za kawaida hushika ringi kwa raba, na ringi ikilowa hushika kidogo sana. Kwa hiyo kabla ya kununua injini, fundi akague fremu kama ina nyufa kwenye viungo, akaze spoki zote, abadilishe tairi zilizochakaa, na afunge breki imara mbele na nyuma. Baiskeli isiyoweza kusimama kwenye mteremko bila injini isifungwe injini.

Jambo la pili ni oili. Injini ya mipigo miwili haina chombo chake cha oili chini kama gari. Oili yote inayolainisha pistoni huingia pamoja na petroli. Kwenye injini nyingi za aina hii, wakati wa kuizoesha, huchanganywa sehemu moja ya oili kwa sehemu 16 za petroli, yaani kama mililita 62 kwa lita moja. Baadaye ni moja kwa 20, yaani mililita 50 kwa lita. Fuateni kitabu kilichokuja na injini yenu. Baiskeli yetu ya pili ilitiwa petroli tupu ya kwenye chupa, iliyonunuliwa njiani kwa haraka. Injini ilinoki kabla ya kufika nyumbani.

Jambo la tatu ni mtikisiko. Injini hii hutikisa sana, na nati hulegea. Kila siku kabla ya safari, zikaguliwe nati za injini, breki na upepo wa tairi. Kila wiki zikaguliwe cheni na spoki, hasa pale sproketi ilipobanwa kwenye spoki, kwa maana hapo ndipo zinapokatika. Chujio cha hewa lisafishwe mara kwa mara, hasa wakati wa vumbi. Plagi ifunguliwe kila mwezi. Ikiwa ya kahawia, injini iko salama. Ikiwa nyeusi na imelowa, huenda oili imezidi au hewa haitoshi. Na baiskeli ikiegeshwa, koki ya petroli ifungwe.

Wengine mtauliza, kwa nini tusinunue pikipiki? Ni swali la haki. Kwa safari ndefu, mizigo mizito na kubeba abiria, pikipiki ni bora, na tusijidanganye. Baiskeli ya injini inamfaa mtu mmoja, kwa safari za wastani, mahali ambapo bei ya pikipiki iko mbali na uwezo wa usharika. Faida yake nyingine ni kwamba petroli ikiisha, pedeli zipo. Lakini ulizeni kwanza polisi wa usalama barabarani na mamlaka ya mapato kuhusu usajili na leseni. Kofia ngumu ni lazima, kwa kila safari.

Kwa hiyo ofisi yangu itapokea maombi yenye mambo matatu. Kwanza, hati ya fundi kwamba baiskeli na breki zimekaguliwa. Pili, jina la mtu aliyefundishwa kuitunza, na daftari la matengenezo litakalosomwa kwenye kamati. Tatu, kibubu cha vipuri, kiwe na fedha kabla injini haijaletwa. Mfano wa mjenzi wa mnara mnaujua.

Kwenu wafadhili nina ombi moja. Picha ya makabidhiano inapendeza, nami nimewatumia nyingi. Tukileta bajeti yenye raba za breki, spoki na cheni, msizione kuwa gharama ndogondogo zinazoweza kufutwa. Nasi tukileta taarifa, tuulizeni hali ya chombo baada ya mwaka mmoja. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwinjilisti wetu amepona, namshukuru Mungu. Injini yake iko stoo ya dayosisi. Amesema ataipokea tena siku nitakapompelekea breki, na kwamba tutateremka ule mlima pamoja, mimi nikiwa mbele. Nimekubali.