Barabara Iliyobaki Baada ya Vita

Leo tuzungumze juu ya mtu mmoja wa Australia, jina lake Tony Gaze. Alizaliwa mwaka 1920.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, Tony alikuwa mwanafunzi Uingereza. Aliacha masomo, akajifunza urubani wa ndege za kivita. Mdogo wake, Scott, naye akawa rubani. Ndugu hawa wawili walikuwa kikosi kimoja, kwenye kiwanja cha ndege cha Westhampnett. Mwaka 1941 Scott aliuawa. Tony akabaki peke yake.

Je, alikata tamaa? La. Aliendelea na kazi. Mwaka 1943 ndege yake iliangushwa Ufaransa, nchi iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani. Wafaransa walimsaidia kwa siri, naye akavuka milima kwa miguu mpaka Hispania. Halafu akarudi kuruka tena! Kwa ushujaa wake alipewa nishani iitwayo DFC mara tatu.

Sasa sikilizeni jambo lenyewe. Pale Westhampnett palikuwa na barabara iliyozunguka kiwanja, iliyotengenezwa kwa ajili ya ndege. Vita ilipokwisha mwaka 1945, ndege ziliondoka, barabara ikabaki. Watu wengi waliiona. Tony alimwendea mwenye ardhi, akamshauri kwamba barabara ile yafaa kwa mashindano ya magari. Mwenye ardhi akakubali. Mwaka 1948 mashindano yakaanza, na mahali pale pakajulikana kwa jina la Goodwood.

Tony mwenyewe alishindana. Mwaka 1952 alikuwa Mwaustralia wa kwanza katika mashindano ya dunia ya magari yaitwayo Formula One. Hakupata hata pointi moja. Lakini alifungua njia. Waliomfuata kutoka kwao walikuja kuwa mabingwa wa dunia. Alifariki mwaka 2013, akiwa na miaka 93.

Ndugu zangu, mahali palipomkumbusha msiba wa mdogo wake, Tony hakupakimbia. Alipatafutia kazi mpya. Nasi tutazame. Kijijini kwetu kuna kitu gani kilichobaki, ambacho kila siku twakipita tu? Kijadilini darasani, kisha mwandike jibu lenu.