Msuluhishi wa Mume na Mke katika Uluguru

Wasikilizaji, habari niliyo nayo jioni hii ni ya nyumba inayovunjika, na ya mtu aketiye katikati ya mume na mke kuwasikiliza.

Waluguru huhesabu ukoo, yaani lukolo, kwa upande wa mama, na kwa desturi mashamba mengi ni ya ukoo huo. Mtoto ni wa ukoo wa mamaye, na mjomba ana sauti kubwa juu yake. Lakini baba naye si mgeni, maana ndiye aliyemlimia na kumlisha. Basi tuchukue mfano wa mtu wa Mgeta aliyelima maharage na kabichi miaka kumi katika shamba la ukoo wa mkewe. Wakigombana hata kutaka kuachana, mume aona atapoteza mke, shamba na watoto kwa siku moja. Mke naye aogopa mume asije akawachukua watoto akashuka nao mjini Morogoro. Kila mmoja huenda kwa watu wake, nao humwambia lile alitakalo kusikia.

Nani awapatanishe? Wengi watajibu: mjomba. Mimi nawaheshimu wajomba, lakini katika shauri hili mjomba ni mwenye kesi, kwa kuwa shamba ni la ukoo wake na watoto ni wa ukoo wake. Na aitwe, asikilizwe, asiamue. Msuluhishi awe mtu asiyepata wala kupoteza kitu, shauri liishapo hivi au vile. Amsikilize kila mmoja peke yake, kisha awakutanishe na kuuliza: watoto watalala wapi? Nani atanunua nguo za shule na madaftari? (Mwanamke anayepigwa, lakini, asiambiwe angoje kikao, kwanza aondolewe hatarini.)

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yataka mtu afike kwanza mbele ya Baraza la Usuluhishi wa Ndoa kabla ya kuomba talaka mahakamani, isipokuwa kwa sababu chache, mathalan mwenzake amemtoroka wala hajulikani aliko. Baraza lina mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Likishindwa kuwapatanisha hutoa hati, na maombi ya talaka hupelekwa pamoja na hati hiyo kabla haijapita miezi sita. Wazazi wakishindwa kukubaliana juu ya watoto, mahakama ndiyo huamua, wala si ukoo. Huangalia kwanza heri ya mtoto. Na aliye chini ya miaka saba hudhaniwa kuwa yamfaa kukaa na mama, ila ikithibitika vingine.

Watu wetu wa Mgeta waweza kupatana hivi: watoto wakae kwa mama karibu na shule, washuke kwa baba wakati wa likizo, naye baba avune maharage aliyoyapanda kabla ya kulirudisha shamba. Maneno hayo yaandikwe katika karatasi mbili, kila mzazi awe na yake, na mjomba atie sahihi kama shahidi.